Mkate wangu wa wimbi umetoka tofali, nisaidieni kabla basi la shule halijaja

#1 MamaWawili_Lanet

Hamjambo wadau. Naomba msaada kabla sijarudi kwa mkate wa duka kimyakimya.

Niko Lanet, hapa Nakuru. Nina watoto wawili, mmoja gredi ya pili na mwingine ya nne, na basi la shule hupita saa kumi na mbili na robo asubuhi. Ukichelewa dakika moja limekwenda. Miaka yote kiamsha kinywa chetu kimekuwa slesi za mkate mweupe zilizopakwa majarini, na chai ya maziwa yenye sukari. Wanatoka wameshiba, lakini ikifika saa nne yule mdogo anamwambia mwalimu tumbo linanguruma. Basi mwezi jana nikasema nitaoka mwenyewe, tena kwa wimbi, kwa sababu ndio nililelewa nao.

Nikanunua gorogoro moja soko la Wakulima, nikapeleka posho mill, nikarudi nyumbani nikitembea kwa maringo. Vikombe vinne vya wimbi, hamira, chumvi, maji vuguvugu. Haukukandika! Nikiusukuma unakatika kama udongo wa mfinyanzi uliokosa maji, nikiongeza maji unanishika vidole hadi kwenye pete. Nikaungoja uumuke, saa mbili nzima, ukabaki palepale, umepasuka juu kama shamba la Januari. Nikauoka hivyo hivyo. Baba yao aliugonga mezani mara mbili, akaniuliza ni mlango upi unaojifunga wenyewe tuuzuie nao. Na ndani ulikuwa na mchanga. Kila ukitafuna, krr.

Oveni sina. Nina meko ya gesi, jiko la makaa na sufuria moja nzito ya mama mkwe. Sitaki kumwaga sukari. Na sitaamka saa tisa usiku kwa ajili ya mkate, hilo niwaambie mapema.

#2 Jakisumu77

Vikombe vinne vya wimbi bila hata chembe ya ngano? Dada, hiyo ilikuwa kuon, yaani ugali, ulisahau mwiko tu. Omena ilikuwa wapi?

#3 FundiSufuria (Nyalenda, Kisumu)

Jakisumu anacheka lakini kagusa penyewe.

Ngano ina gluteni. Ukiikanda, gluteni inakuwa utando unaovutika kama mpira wa manati, na hewa inayotolewa na hamira inanaswa humo ndani, ndipo mkate unapanda. Wimbi hauna gluteni. Mtama hauna, mahindi hayana, muhogo hauna. Hamira yako ilifanya kazi yake vizuri, ila hewa yote ilitokea kwenye zile nyufa ulizoziona. Ungeukanda hadi Krismasi usingebadilika.

Mimi huoka mikate ya kuuza mtaani, kwa sufuria na makaa. Kipimo changu ni vikombe vitatu vya ngano kwa kimoja cha wimbi. Ngano iwe atta, ile ya kahawia yenye pumba zake. Hamira vijiko viwili vya chai, chumvi kimoja, mafuta vijiko viwili vya mezani, sukari kijiko kimoja cha mezani au uache kabisa, hamira haitagoma. Ukishazoea unaweza kwenda ngano mbili kwa wimbi moja. Zaidi ya hapo unaoka kitu kingine, kinaweza kuwa kitamu, lakini usitegemee kitapanda.

Kuhusu sufuria. Weka mchanga mkavu wa mto, uliooshwa, unene wa vidole viwili, ndani kwenye tako la ile sufuria nzito. Funika, pasha dakika kumi. Bati la mkate likae juu ya mchanga, lisiguse kuta. Funika tena, kisha makaa machache chini na mengi juu ya kifuniko. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanajaza makaa chini, mkate unaungua tako na juu umepauka kama mgonjwa. Dakika 40 hadi 50. Utoe, uugeuze, ugonge chini kwa kidole. Ukilia kama debe tupu umeiva. Ukilia dufu, rudisha.

Na jiko la makaa lisikae kwenye chumba kilichofungwa madirisha. Ile hewa ya mkaa haina harufu na inaua.

Umuke saa moja, basi.

#4 Kukhu_wa_Webuye

Mwanangu wa Lanet, pole na tofali.

Nianze na mchanga, maana huo sio kosa la unga. Wimbi huanikwa chini, kwenye ua uliosiribwa au juu ya turubai pembeni ya barabara, na chembe ya wimbi ni ndogo kama ya mchanga wenyewe, ungo hautenganishi. Lazima uoshwe. Mimi natumia vibakuli viwili. Wimbi unaingia kwa maji mengi, nauzungusha kwa mkono, halafu namimina taratibu kwa kibakuli cha pili pamoja na maji yake. Mchanga ni mzito, unabaki nyuma. Narudia mara nne, mara tano, mpaka nikisugua kidole kwenye tako la kibakuli nisisikie kitu. Ndipo nauanika juani, juu ya kitambaa safi, siku nzima. Ukipelekwa kinuni na unyevu unavunda kwenye mfuko. Na ukifika pale kinuni, mwambie kijana atangulize kikombe chako kimoja kisafishe mashine, hicho kikombe uwape kuku. Mimi niliwahi kuuziwa uji wa wimbi uliojaa mahindi ya mteja aliyenitangulia.

Sasa mkate. Wimbi ukiuweka mbichi kwenye unga unakuwa mkavu, siku ya pili unapukutika. Unga wa wimbi unataka kunyweshwa kwanza. Chukua kile kikombe chako kimoja, umwagie kikombe kimoja cha maji yanayochemka, koroga haraka kwa mwiko mpaka uwe kama uji mzito, funika, acha upoe kabisa. Kabisa, mwanangu. Ukitia hamira kwenye uji wa moto umeiua. Ukishapoa changanya na ngano na vitu vingine, ongeza maji vuguvugu kidogo kidogo kama nusu kikombe, kanda dakika kumi. Utaona unashikana, na mkate utakaa laini siku tatu.

Marehemu mama yangu alikuwa anafanya hivyo kwa maandazi. Hakujua gluteni ni nini.

#5 MswahiliWaTudor

Shikamoo bibi. Hiyo ya kunywesha unga moto ni kweli tupu. Sisi huku Mombasa kuna mkate wa kumimina, mchele unarowekwa, unasagwa na tui la nazi na hamira, unaumuka na kuokwa bila ngano hata punje. Huo haukandwi wala hausimami kama boflo, ule mkate wa kukata slesi, ni mlaini wa kumimina kwenye sufuria. Kwa hivyo mama wa Lanet, ukitaka kukimbia ngano kabisa, achana na mawazo ya boflo, fikiria chombo kinachoshika rojo.

#6 Kukhu_wa_Webuye

Marahaba mwanangu. Nazi huku ni ya kununua moja moja, lakini nimekusikia.

#7 BabaTaji

Jameni naomba kuuliza kando kidogo. Mimi nina ugonjwa wa sukari, mwaka wa tatu sasa. Kila mtu ananiambia wimbi hauna shida, kula tu. Huu mkate naweza kula bila hesabu?

#8 Lishe_Kakamega

Hapana baba, hesabu ibaki palepale. Wimbi ni wanga kama nafaka nyingine. Una nyuzinyuzi nyingi kuliko unga mweupe na hilo linasaidia, lakini ukisagwa laini sana kisha ukaliwa vipande vitano na chai ya sukari, kipimo chako cha damu kitakusimulia mwenyewe. Kula kimoja au viwili, weka yai au maharagwe pembeni, pima saa mbili baadaye uone mwili wako unasemaje, na umwonyeshe daktari wako namba hizo.

Na kwa kuwa niko hapa, niseme machache kuhusu hili jambo la afya, maana naona wimbi umeanza kugeuzwa dawa. Sifa yake kubwa ni kalsiamu: zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100 za unga, hakuna nafaka nyingine ya huku inayokaribia. Lakini una pia faiteti, zinazoshika hayo madini yasiingie mwilini yote. Kuroweka, kuchachusha na kuotesha kimea hupunguza faiteti. Ndio maana uji uliochachushwa na wazee wetu ulikuwa na akili kuliko tunavyoudhania, na ndio maana mkate ulioumuka polepole ni bora kuliko ule wa haraka haraka.

Mkate mweupe nao msiutukane sana. Tangu 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi wa pakiti uongezwe madini ya chuma na vitamini. Unga uliosaga mwenyewe pale posho mill hauna nyongeza hiyo. Tatizo la mezani kwa MamaWawili silioni kwenye mkate, naliona kwenye kile ambacho hakipo: protini haipo, mafuta mazuri hayapo, halafu chai ina sukari. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima, ikiwezekana, asizidi kama gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Mtoto apate chini ya hapo. Hesabu vijiko vya kikombe kimoja cha asubuhi halafu uniambie.

Na wanaosema watumie sukari nguru kwa sababu ni ya asili: ina rangi nzuri, ina ladha nzuri, ni sukari.

#9 Jakisumu77

Vijiko vinne. Naomba uzi huu usionyeshwe mke wangu.

#10 MamaWawili_Lanet

Wadau nimerudi. Kukhu, mchanga umeisha, asante sana. Nimeosha mara sita. Uji mzito nimefanya, umepoa, nimekanda na ulishikana kweli, nilifurahi hadi nikamwita mtoto aone. LAKINI. FundiSufuria umesema saa moja. Saa moja imepita, donge limekaa kama nilivyoliacha. Nikaoka. Safari hii sio tofali, ni nusu tofali. Ndani katikati unanata.

#11 FundiSufuria

Haiwezekani. Mimi kwangu saa moja huwa limefurika bakuli. Hamira yako imekufa, angalia tarehe ya pakiti.

#12 MamaWawili_Lanet

Tarehe ni nzuri. Nimeijaribu kwenye maji vuguvugu na sukari kidogo, imefanya povu.

#13 Mzee_wa_Bahati

Huyu Fundi anapima saa ya Nyalenda na kuipeleka Nakuru. Bwana wee, huko kwenu ziwani donge likiwekwa mezani liko kitandani. Sisi huku mwezi wa saba maji ya bomba yanauma meno. Hamira ni kiumbe hai, baridi ikizidi inalala. Weka donge mahali pa joto, au usiweke saa kabisa: ngoja mpaka liwe maradufu, libonyeze kwa kidole, shimo likirudi taratibu likaacha alama, oka. Iwe saa moja, iwe tatu.

Halafu kuna mwinuko. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu kama 1,130. Hewa ya huku ni nyepesi, kwa hivyo keki na vitu vya beking pauda hupanda upesi, vinajisahau, halafu vinabonyea katikati. Mke wangu hupunguza beking pauda kwa robo na keki zake husimama. Tumekuwa jiji tangu Desemba 2021 lakini mapishi bado tunaletewa na watu wa pwani na wa ziwani.

#14 FundiSufuria

Nimekubali. Sikufikiria baridi. Mzee, lakini ngoja, hiyo baridi yenu ni mali, naona hata mnaidharau! Mimi hapa siwezi kulaza donge mezani usiku kucha, asubuhi nakuta limechacha kama pombe ya busaa, mpaka niliweke kwa friji ya jirani. Wewe mama wa Lanet friji yako ni jikoni kwako. Punguza hamira iwe nusu kijiko cha chai tu, tumia maji ya baridi, usitie maziwa wala yai kwa sababu vitalala nje. Kanda saa tatu usiku, funika kwa kitambaa kibichi na sahani juu, nenda kalale. Asubuhi limeumuka lenyewe. Na kama alivyosema dada wa lishe, muda mrefu ndio dawa ya zile faiteti.

#15 MamaWawili_Lanet

Na kuoka dakika 50? Basi la saa kumi na mbili na robo, nimeshasema.

#16 Kukhu_wa_Webuye

Usioke. Kaanga bila mafuta.

Kata donge vipande kama yai la bata, vibonyeze viwe bapa unene wa kidole. Nyunyiza unga wa mahindi kidogo kwenye kikaango kikavu, moto mdogo kabisa, panga vinne vinne, funika. Dakika sita au saba, geuza, sita nyingine. Vinafura kati kama shavu la mtoto. Watoto wakioga wewe uko kwa kikaango. Mkate mkubwa wa sufuria uoke Jumamosi, mkiwa na nafasi, ule wa kukata kata na kuchoma slesi kwenye jiko Jumapili na Jumatatu.

#17 Nangina_Busia

Nimesoma uzi wote nikingoja mtu ataje kiazi. Hakuna!

Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, wadau. Kabode, Vita, hizo aina mbili huku kwetu zipo, na watu wa Kabondo kule Homa Bay nao wanazo. Ile rangi ni beta karotini, mwili unaigeuza vitamini A. Cheupe hakina, cha manjano kina kidogo. Watu wa tuzo ya World Food Prize mwaka 2016 walipewa wanne, na watatu kati yao ni kwa kazi ya viazi hivi, mmoja wao Robert Mwanga, jirani yetu hapo Uganda.

Chemsha kwa ganda lake, kwa maji machache na sufuria imefunikwa, menya, ponda kikombe kimoja, tia kwenye donge lile la Kukhu badala ya ile nusu kikombe ya maji. Kiazi kina maji ndani, kwa hivyo usiongeze mengine mpaka uone donge linasemaje. Sukari sahau, utamu upo. Mkate unatoka rangi ya jua la jioni, ukichanganya na wimbi unakuwa kama hudhurungi nyekundu. Weka mafuta kidogo kwenye donge, vitamini A inahitaji mafuta ili ifyonzwe.

Kwa wiki yenye ndizi zilizoiva kupita kiasi: ndizi tatu zilizopondwa, mayai mawili, mala (maziwa ya mgando) nusu kikombe, mafuta theluthi ya kikombe, ngano kikombe, wimbi kikombe, beking pauda kijiko cha chai na magadi ya kuokea nusu kijiko. Magadi yanahitaji hiyo mala, bila uchachu yanaacha ladha ya sabuni. Karanga zilizosagwa juu. Dakika 25 kwenye vikombe vya bati.

#18 Lishe_Kakamega

Safi sana Nangina. Karanga zichaguliwe kwa mkono moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, tupa. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haimalizwi na moto wa kuoka. Na mtoto mdogo wa chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, anaweza kukabwa.

#19 Jakisumu77

Nimejaribu vimkate vya Kukhu nikiwa peke yangu nyumbani. Nimekula saba. Hii ni kosa la nani?

#20 MamaWawili_Lanet

Matokeo, kama nilivyoahidi.

Jumatano usiku nilikanda na kiazi. Sikupata cha chungwa hapa Lanet, nikampigia dada yangu wa Bungoma, akaniwekea kwenye matatu gunia dogo, hilo tu lilinigharimu kuliko mkate wa duka wa wiki nzima, niseme ukweli. Saa kumi na moja kasorobo asubuhi nilifunua kitambaa, donge lilikuwa limefika ukingoni mwa bakuli, lina vitundu juu kama sifongo, na harufu tamu yenye uchachu kidogo. Nilisimama nalo tu. Vimkate kumi na vinne vikatoka. Nimeunguza viwili vya kwanza kwa sababu ya moto mkubwa, hivyo nimekula mimi. Vingine vilifura. Nilipasua kimoja kikatoa mvuke, ndani kuna madoadoa ya wimbi na ile rangi ya kiazi, nikapaka parachichi na chumvi kidogo, yai la kuchemsha pembeni, chai kijiko kimoja. Mkubwa amekula vitatu bila kuinua kichwa. Mdogo alisema vinanuka shambani, lakini alikula kimoja, kingine akaweka kwenye mkoba.

Bado sijapata bati zuri la mkate wa Jumamosi. Mafundi wa jua kali wanataka kunitengenezea la urefu wa mkono, sufuria yangu haimezi hilo.

#21 Mzee_wa_Bahati

Mpelekee fundi sufuria yenyewe apimie ndani. Ukimwambia kwa mdomo atakutengenezea jeneza.

#22 Lishe_Kakamega

Na saa nne? Mwalimu amesema nini?

#23 MamaWawili_Lanet

Saa nne mdogo hakusema njaa. Nilifurahi, nikasema wimbi umefanya kazi. Jioni ndio nikagundua: kile cha mkobani alibadilishana na mwenzake kwa nusu ya hafukeki.

#24 Kukhu_wa_Webuye

Nusu? Ameibiwa huyo mtoto.